Usiku wa Lango la Chumvi

Mlangoni nilikuwa mimi, na kopo la maziwa ya unga,
nikipokea mia tano mia tano, sarafu zinazonuka dagaa.
Hata Mzee Bugingo, anayesema sinema ni upuuzi,
alijifanya anamtafuta mjukuu, akakaa.

Wiki nane tulingoja Lango la Chumvi livunjwe.
Wiki nane Mabatini iligawanyika:
wa Malkia Ishavi huku, wa Jemadari Korun kule,
na ndoa ya Mageni na Tabu, nasikia, katikati.

Taa zikazimwa. Giza la kibanda likakutana na giza la skrini.
Tukasikia panga, hatukuona panga.
Tukasikia farasi; wa nani, hatukujua.
"Ongeza mwanga!" "Futeni hicho kioo!"
Masalu, mtafsiri wetu, kipaza sauti mdomoni,
akatutuliza kama mhubiri:
"Jamani, ndivyo walivyopiga picha. Vita vyenyewe ni vya usiku."
"Hata usiku una nyota!" akajibu Lushinge,
anayevua kwa karabai na anajua anachokisema.

Kisha ukuta ukapasuka, moto ukaingia, tukaona:
majitu ya udongo yanapanda lango
kama wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi.
Korun anaangusha la kwanza, la pili, la tano,
nasi tunahesabu kwa sauti kama wapakiaji wa magunia.
Bibi mmoja akavua kandambili, akarusha,
ikampata Malkia shavuni.

Ndipo mshale ukatoka nyuma.
Nyuma! Kwa watu wake!
Korun akapiga goti. Akasema neno.
Tukamgeukia Masalu: kasemaje?
Masalu kimya.
Korun akasema tena, damu mdomoni.
"Kasemaje, wewe!"
Kwenye spika tukasikia kamasi zikivutwa.
Mtu aliyetafsiri vifo mia nne kwa bei ya soda
ameshindwa na kimoja.
Mpaka leo hatujui neno la mwisho la Korun.
Wengine husema alimtaja mama yake.
Lushinge anashikilia kwamba aliomba maji.

Asubuhi, mwaloni Kirumba, hakuna aliyeuliza bei ya samaki.
"Mwandishi alikuwa na basi la kuwahi!"
"Wiki nane unachemsha maharage, yakiiva unamwaga chungu?"
"Na Malkia je? Kasimama tu, hata nywele hazijatimka."
Tabu alikuwa amehamia kwa dada yake Igoma,
akasema ni kwa ajili ya msiba.
Kijana mmoja akashika kasia atuonyeshe
jinsi mshale ule ulivyokwepeka,
akapiga trei nzima ya mayai ya Mama Chausiku,
vikaanza vita vya pili,
vyenye mwanga wa kutosha.

Nkwimba alikuwa anaanika dagaa, mgongo kwetu.
Mwaka juzi mtumbwi wa mumewe ulirudi bila mtu.
Alitusikiliza mpaka tukaishiwa.
Akauliza, bila kugeuka:
"Na hao wengine, wasio Korun,
nani aliwaokota?"

Tukatazamana. Mia ngapi walikuwa? Elfu?
"Hapo hapakuonyeshwa," akasema Masalu, sauti imemkauka.
Mimi, sijui nani alinituma, nikasema:
"Imebaki sehemu moja. Ijumaa."

Ijumaa akaja. Mia tano kwenye pindo la kanga.
Nikakataa kuipokea; akaitumbukiza koponi mwenyewe.
Tukampisha benchi la mbele.

Walimvika Ishavi taji, kengele zikalia,
kibanda kizima kikazomea mpaka bati likatetemeka.
Nkwimba hakuzomea.
Aliinama mbele, viwiko magotini,
akitazama pembeni mwa picha, nyuma ya farasi,
kule chini palipobaki giza.