Waya

Siku ya tisa. Nsimire kalala kifuani pangu,
huku Kadutu, mvua ikigonga mabati.
Baba yake yuko kwa jirani, juu ya ngazi,
anavuta waya kutoka nguzo ya barabarani
hadi chumba kilichoezekwa juzi.

Muuguzi aliniambia: ndani ya mtoto pia
kuna nyuzi zinazoshuka kutoka shingoni,
nyembamba kuliko unywele,
zinaitafuta nyama ya moyo.
Zikifika, chembe huacha kugawanyika.
Hunenepa tu, hujifunza kazi.

Nikauliza: kwa hiyo alizonazo
ndizo hizo hizo mpaka uzee?
Akacheka. Mama, nyumba ikipata umeme
si ndipo watu wanahamia?

Taa ya jirani imewaka.
Nsimire ameshtuka, moyo mbio,
mbio, kisha polepole.
Nani kamfundisha kukimbia
na mimi nimemshika?