Tofali na Mizani

Jersey City, darasa la ghorofa ya pili.
Thaddeus, mwana wa mchomelea vyuma, amesimama:
"Chuma hakiyeyuki kwa mafuta ya ndege.
Baba kasema. Walitega baruti."
"Lisemwalo lipo," ajibu Bi Wierzbicka. "Basi tulipime.
Mhunzi hangoji chuma kiwe uji
ndipo akipinde."

Kisha tofali, juu ya mizani ya jikoni:
kilo tatu, kimya.
Analiinua shibri moja tu,
analiachia.

Kioo cha mizani chapasuka,
springi yaruka hadi dirishani,
dirisha lile lile ambalo zamani lilitazama
minara miwili ng'ambo ya mto.

Thaddeus haandiki kitu.
Anaokota vipande, anauliza
mizani ilinunuliwa bei gani.