Jozi Mia Mbili Hamsini na Tatu

Kiwandani Igualada, ng'ambo ya mto Anoia,
mafahali mia nne wamelala zizi moja
na hawagombani.
Wamekuja bila pembe, bila kwato, bila hasira,
wamekunjwa mara mbili, wamekolezwa chumvi,
kila mgongo na nambari yake ya buluu.

Wanaogombana hapa wako mapipani.

Remei Vilaseca amewahesabu: ishirini na watatu.
Amekalia ndoo iliyopinduliwa,
glavu moja mkononi, nyingine kwapani,
anachora jedwali: majina ubavuni,
majina yayo hayo juu,
na kila jina linapokatana na jina
anauliza swali ambalo mshenga hathubutu:
hawa wawili, wakikutana, watazaa nini?

Joto.
Povu.
Moto.
Hakuna kitu.
Hakuna kitu, ila usiku wa baridi.
Jozi mia mbili hamsini na tatu,
na chai yake imepoa tangu ya arobaini.

Alipofika kwa salfidi,
ile inayozilegeza nywele za ngozi zikawa uji,
na asidi ya pipa la kuchachulia,
alishika kalamu nyekundu:
hewa inayonuka yai viza.
Kisha chini yake, kwa herufi za sisimizi:
harufu ikikatika ghafla, usishukuru.
Hewa haijaondoka. Pua ndiyo imetangulia.

Eudald, meneja, alisimama mlangoni na saa yake.
"Zimetengana," alisema. "Pima mwenyewe.
Mita kumi na mbili, ukuta wa matofali,
kufuli mbili,
na wenye funguo hawasemezani tangu mafuriko."
Remei alipima. Kumi na mbili na nusu.
Ukuta ulikuwa mzuri, ukuta wa kusifiwa.
Kalamu ikawa juu ya mstari wa sahihi
na mtu wa bima alikuwa anasubiri simu.

Quirze alikuwa anafagia.
Miaka thelathini na mikono yenye rangi ya chai ya rangi.
Hakuinua kichwa.
"Na Alhamisi?" akauliza.

"Alhamisi gani?"

"Alhamisi tunafungulia maji.
Ya huku, na ya kule."

Hapo Remei akaangalia sakafu
kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.
Chuma chenye matundu, hatua tatu kutoka kwenye ndoo.
Alikuwa ameweka mfuko wake juu yake.

Akaomba rangi za viatu kutoka chumba cha mwisho:
kopo la kijani akalimwaga huku,
kopo la jekundu kule, ng'ambo ya ukuta wa kusifiwa,
na maji, ndoo kwa ndoo.
Wakatoka wote watatu hadi uani,
wakainua mfuniko wa shimo kwa mtaimbo,
wakaegemea kwa mbali kama watu
wanaochungulia kitanda cha mgonjwa.

Haikuja kijani.
Haikuja nyekundu.
Ilikuja moja, ya matope, polepole,
ikizungusha vishungi vya nywele za ng'ombe.

Ukutani mwa shimo kulikuwa na ngazi.
Kwenye kidato cha pili, reki fupi
na jozi ya buti, namba thelathini na tisa.

"Za nani?"

"Za Biel," alisema Quirze. "Anashuka kuzoa nywele.
Ni mwembamba, ndiye pekee anayepita.
Wiki iliyopita alisema kunanuka,
halafu akasema, aa, kumeacha."

Eudald alifungua mdomo aulize bei ya bomba la pili,
akaufunga.
Remei aligeuza karatasi, upande usio na mistari,
akaandika siku na saa, na mikono yake
haikuwa inamtii vizuri:
Jumatano, saa kumi na dakika tano jioni.

Quirze hakungoja barua.
Alipiga magoti, akanyoosha mtaimbo,
akazivua zile buti kwenye ngazi moja moja
kama mtu anayevua samaki asiowapenda,
akaenda nazo ndani,
akazifungia kabatini mwake,
na ufunguo akaumeza mfukoni.