Mshumaa wa Tatu

Mama yao yupo zamu ya usiku, Bombo.
Mimi nimeachiwa watoto wawili,
ringi ya baiskeli isiyo na spoku hata moja,
na agizo: "Jumapili nikute shada la Majilio mezani."

Katani ninayo. Nani Tanga asiye na katani?
Lilibaki fungu zima uvunguni
tangu baba yangu alipokuwa kibarua wa mkonge,
jeupe, kavu, gumu kama mvi za mbishi.
Tunaisokota kwenye ringi. Melkiori anashika ncha,
mimi nazungusha, Edina anahesabu
moja, mbili, nne,
na kila akifika nne tunaanza upya.

Mivinje tulikata Raskazone asubuhi
ikiwa bado na chumvi.
Edina kailamba, kasema Krismasi ina ladha ya samaki.

Duka la Barabara ya Kumi na Mbili
lina mishumaa myeupe tu.
"Padri alisema zambarau," Melkiori akanikumbusha,
kwa sauti ya mtu aliyetumwa na Askofu.
Basi tukanunua zambarau, zile za kula, fungu la mia tano,
tukaziponda kwenye bakuli, tukachovya, tukatoa:
myeupe vilevile, imetokwa jasho tu.
Nta haikubali kunyweshwa.
Ila ndimi zetu!
Ndimi zetu tatu zilikuwa Majilio kamili.

Nikachana kanga kuukuu ya zambarau,
vipande vitatu, mishumaa mitatu.
Msemo wake ukakatika,
mmoja ukavaa USICHOKE KU
na zilizobaki sikuziona tena.

Wa waridi Edina aliupaka rangi ya midomo ya mama yake,
kuanzia utambi hadi kitako, mpaka kijiti kikaisha.
Sikumwona. Hilo ndilo nitakalojibu nikiulizwa.

Jumapili tukawasha mmoja.
Mingine, kwa joto hili la Desemba,
ilishaanza kuinama kwenye vizibo vyake vya soda
kama waumini mahubiri yakirefuka.

Jumatano umeme ukakatika.
Hodi! Mwantumu, nyumba ya pili,
vidole vimekolea hina mpaka kwenye viungo:
"Jirani, bibi harusi wangu nimemchora mguu mmoja.
Wa pili mweupe, na kesho saa nne ndoa inafungwa.
Hukosi mshumaa?"

Nikapapasa droo. Kiberiti, betri mbovu, uzi.
Melkiori akalikumbatia shada:
"Hii ni ya Jumapili."
Kweli, ni ya Jumapili.
Nikasimama kati ya mlango na meza, mtu mzima na ndevu zangu,
nikingoja mtoto wa miaka saba aamue.

Edina hakungoja.
Aliung'oa wa waridi, kizibo na vyote,
akatoka nao gizani, pekupeku.

Tukabaki na pengo.
Ng'ambo ya ukuta wanawake wakacheka,
kikapigwa kigelegele kimoja kifupi,
kisha: "Tulia wewe, usitikise mguu!"
Melkiori alilala amenigeuzia mgongo.

Ijumaa ulirudi juu ya sahani ya pilau,
umefunikwa kawa:
kipande, urefu wa kidole gumba,
ubavuni alama ya kidole chenyewe, ya hina.

Jumapili ya tatu mama yao alikuwepo.
Midomo yake haikuwa na rangi, na hakuuliza kitu.
Aliunusa ule mshumaa, akanitazama, akauwasha,
mfupi kuliko hata ule uliotangulia kuwaka.
"Ni wa bibi harusi," Melkiori akamweleza,
kana kwamba yeye ndiye aliyeutoa.

Ulizimika kabla hatujafika amina.
Tukaimalizia kwa mwanga wa ile miwili,
na Edina, chini ya meza, akanyoosha mguu wenye vumbi
akauliza wake utachorwa lini.