Wa Arobaini na Moja

Kamba ilikuwa moja, nasi juu yake
kama nguo zilizoanikwa.
Nilihesabu taa za vichwa vilivyonitangulia: arobaini.
Mimi wa arobaini na moja,
mgongoni mitungi miwili ya hewa isiyo yangu,
nyuma yangu mwenye hewa, aliyeilipia.

Alikuwa ameketi kando ya njia,
goti moja amelikunja, glavu moja haipo,
kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.
Barafu imemshona kope.
Taa arobaini zilimmulika usoni, moja baada ya moja,
zikaendelea kupanda.

Kwetu Hushe, mtu akifa,
kumwosha na kumzika ni faradhi kifaya:
wachache wakisimama nayo, kijiji kizima kimesalimika;
asiposimama hata mmoja, dhambi ni ya wote,
wala haigawanyiki,
kila mtu anaibeba nzima.
Lakini huyu alikuwa hajafa.
Faradhi ya anayekaribia
mwalimu wetu hakunifundisha jina lake.

Nilimnywesha chai ya chumvi, vifuniko viwili vya chupa.
Cha kwanza kilimwagika kidevuni, kikaganda.
Cha pili alimeza.
Mwenye hewa akaivuta kamba mara mbili: twende.

Msinihukumu upesi. Mwaka uliotangulia
nilikuwa mtu mwema.
Nilimburuta kijana wa Kislovenia, Jernej,
usiku kucha kutoka kambi ya nne, kwa mkanda wa mzigo,
yeye analia, mimi namtukana kwa Kibalti
ili asilale.
Akapona. Helikopta ilimchukua yeye.
Mimi nilishuka kwa miguu, siku nne,
na vidole vyangu vitatu
nikaviacha hospitali ya Skardu ndani ya karai.
Kampuni ikakata posho ya kilele:
kileleni hukufika.
Jernej alituma kadi yenye picha ya ziwa.
Naipenda ile kadi.
Hailiki.
Sharbano, mke wangu, hakusema neno.
Aligeuza aprikoti juani, akazigeuza tena,
hata zile zilizokwisha kukauka.

Basi, safari hii nilifika.
Kule juu nilimpiga mwenye hewa picha tisa, kwa vidole saba,
maana katika nane za mwanzo alikuwa amefumba macho.

Tukiteremka, yule mtu alikuwa hai bado.
Akainua mkono, ule usio na glavu,
mweupe kama nta.

Ninauuliza mkono ule mpaka leo:
uliniita? Uliniaga?
Au ulinifukuza, nenda wewe, una watoto?
Usiku mmoja unajibu hivi, usiku mwingine vile.
Mtungini ilibaki robo.
Robo humfikisha mtu mmoja kambini, na tulikuwa watatu.
Hesabu hiyo ni sahihi. Nimeirudia miaka sita,
haijakosea hata mara moja.
Kinachoniuma ni wepesi nilioifanya nao.

Walikuja watu na vinasa sauti,
wakitafuta wa kulaumiwa.
Mmoja wa wale arobaini aliwaambia: nilidhani ameshakufa.
Mwingine: nilidhani yuko na wenzake.
Mwingine: nilidhani anapumzika tu.
Niliwaonea wivu.
Mimi sina cha kudhani.
Nilikuwa nimekishika kifuniko,
nikalisikia koo lake likimeza.

Posho ilinunua mabati kumi na manane.
Ikinyesha mvua ya mawe, watoto hukimbilia ndani
kufurahia kelele.
Mimi nalala chali, nahesabu yanavyogonga,
na nikifika arobaini
nanyamaza.