Kurudisha Sukari

Mwalimu Shemndolwa, uliingia Darasa la Tano B
na kapu la Mgandini badala ya kitabu:
uzi wa katani, msumari wenye kutu,
chumvi ya mawe, chupa ya mafuta ya nazi,
na puto jekundu lililonywea.
Ukalipuliza. Ukauliza, sasa lina nini?
Tukasema, hamna kitu.
Ukalifungulia usoni mwa Mbelwa, kope zikampepesuka.
"Hicho hamna kitu ndicho kilichokuzaba kofi."

Kisha chaki ikalia ubaoni:

     Kitu kile cha uzito, kisha nafasi chatwaa,
     Maji ya bomba na mto, mvuke unaopaa,
     Chumvi, chokaa, kokoto, hewa iliyotambaa,
     Mkubwa hata mtoto, jina letu ni maada.

Tukaighani hadi Darasa la Nne wakagonga ukuta.

Ukatufanya sisi wenyewe kuwa somo.
Tuliobanana dawatini, bega kwa bega,
tusio na pa kugeukia: yabisi.
Tuliopishana kati ya madawati,
tukifuata umbo la chumba: kimiminika.
Kengele ilipolia tulitapakaa uwanja mzima wa Mikanjuni,
nawe ukapaza sauti mlangoni: gesi hizo!

Mafuta yalikuwa yameganda, baridi ya mwezi wa saba.
Ukayaanika dirishani; kufikia mapumziko yalikuwa maji.
"Yamebadili mkao," ulisema, "hayakubadili ukoo."

Halafu ukachanganya chumvi na mchanga,
ukamimina maji, ukachuja kwa kanga kuukuu,
ukachemsha, na chumvi ikarudi,
nyeupe, imeng'ang'ania ukingo wa sufuria.
Kilichochanganywa hutenganishwa.
Neno hilo nilirudi nalo Barabara ya Kumi na Saba
kama mtu aliyeokota ufunguo.

Maana nyumbani palikuwa na deni:
kikombe cha sukari tulichoazima kwa Bi Mwanasiti,
wiki ile wenye maduka walipoificha chini ya kaunta.
Mama alisema tia. Hakusema kiasi.
Nilikimwaga chote katika birika la wageni.
Wageni wakanywa nusu, wakaaga mapema.
Mama hakunipiga. Alikaa tu na kikombe kitupu,
akikitazama ndani.

Nikangoja alale, nikawasha mchina.
Maji yakapanda, yakaondoka, kama ulivyofundisha.
Chai ikawa nzito, ikawa kahawia,
ikanukia kama visheti, nikafurahi,
kisha ikatoa moshi.

Asubuhi nilikuletea sufuria.
Kitu cheusi, king'avu kama lami.
Darasa likaangua kicheko, Mbelwa akalala chini kabisa.
Wewe ulikwangua kwa ule msumari,
ukaweka chembe ulimini, ukakunja uso.
"Chumvi huuvumilia moto. Sukari haiuvumilii.
Hii si sukari iliyojificha. Hii ni kitu kingine,
na njia ya kurudi haina."
Ukanyamaza, ukapangusa chaki kwenye suruali.
"Jana sikuwaambia. Kosa ni langu."

Sijamsikia mwalimu mwingine akisema hivyo,
kabla ya siku ile wala baada yake.

Jioni ukapita kwetu,
ukamkuta Mama anasugua sufuria kwa majivu.
Hamkuzungumza maada. Mlizungumza mvua, na bei.
Ulipoondoka, kizingitini kulibaki kifurushi cha gazeti,
kimekunjwa kwa mkunjo wa dukani.
Nikakipima kwa kiganja.
Kina uzito. Kimechukua nafasi.

Bi Mwanasiti alikipokea, akaturudishia nusu.
Lile doa halikutoka.
Sufuria tungali tunaipikia wali,
na Mama huapa kwamba ukoko wake una utamu kidogo.
Hauna. Nimeonja mara nyingi.