Jozi Kumi na Moja

Kila asubuhi Deolinda huhesabu viatu
kwenye ngazi ya jirani, kupitia upenyo wa pazia:
jozi nane, jozi tisa, jana kumi na moja,
na nyumba ile ina vyumba viwili tu.
Anaijua. Dadake alizaliwa mle.

Idadi akaiandika kwenye kalenda ya duka la dawa.
Akapiga simu polisi, mara mbili.
Sauti ikamjibu: mama, kuvua viatu si kosa.

Wametoka Nepali, alisema mwoka mikate,
wanachuma rasiberi kwenye vibanda vya plastiki
vilivyomeza mashamba ya ngano yote hadi magengeni.
Deolinda alisema: harufu yao inaruka ukuta.
Bizari, vitunguu, haradali ikilia kikaangoni alfajiri.
Akafunga madirisha. Ikapita chini ya mlango,
ikaketi kwenye kiti cha Amadeu,
ambacho miaka sita hakijaketiwa na mtu.

Novemba, mvua ya kukatisha tamaa, hodi.
Kijana, kofia mkononi, soksi zimelowa:
kwake pia amevua viatu.
Jina, Dambar. Barua, ya serikali.
Kireno chake maneno ishirini,
na mengi ni ya kumwambia msimamizi ndiyo.

Angemfukuza. Ulimi ulishajikunja tayari.
Lakini barua ni barua.
Zamani, mtaa huu, ni yeye aliyejua kusoma;
wake za watu walimletea bahasha za Ufaransa
zenye alama za vidole vya saruji,
naye akawasomea kwa sauti, akiiruka mistari ya aibu:
*tunalala kumi na wanne kwenye kibanda cha mabati,*
*matope yanafika magotini,*
*mwenye duka huziba pua tukiingia.*
Amadeu naye aliandika hivyo hivyo.
Mistari ile aliiruka hata alipojisomea mwenyewe.

"Ingia," akasema, kwa sauti ya kufukuza mbwa.
Akavaa miwani. Tarehe, ofisi, hati mbili zilizopungua.
Akarudia polepole, kama anayemgawia mtoto mkate.
Kisha kimya, na paa likidondokea sufuriani.

Dambar akatazama birika. "Chiya?"
"Chá," akasema bibi, akimsahihisha.
"Chiya," akasema kijana, akimsahihisha.
(Sisi tunaosimulia tunasema chai,
na kile kilichokuwa katikati yao tunakiita meza,
kwa kinywa cha Wareno hao hao
waliofika kwetu bila kubisha hodi.)

Sisemi alipona siku ile.
Chuki haing'oki kama jino.
Jumapili, nje ya kanisa, Felismina aliposema
hawa watatumaliza, Deolinda alinyamaza,
akatembea na kimya kile hadi nyumbani
kama kokoto kiatuni.

Kesho yake, juu ya ukuta, fungu la mboga:
majani ya haradali, yana umande bado.
Akayapika kwa viazi na mafuta ya zeituni.
Machungu. Akayalaani. Akayamaliza.

Januari Dambar akapanda paani na vigae vitatu,
bibi akipiga kelele chini kwamba anavipanga vibaya.
Kweli alivipanga vibaya.
Paa bado linavuja, ila mahali pengine,
na sufuria imehamishwa.

Machi, polisi wakaja. Mtu amepiga simu,
safari hii si yeye.
Aliyefungua mlango wa nyumba ile alikuwa Deolinda,
aproni kiunoni, unga hadi viwikoni,
nyuma yake vijana wamesimama kama shuleni.
"Wanaishi wangapi humu, bibi?"
Angeweza kusema macho yamechoka.
"Muulizeni mpwa wangu," akasema,
"ndiye anayewatoza kodi kwa kila godoro.
Nambari yake ninayo."

Yule polisi mdogo akainama ngazini, akahesabu viatu.
Kumi na mbili.
Akarudia, akinong'ona, kidole hewani:
kumi na moja vya matope,
na jozi moja nyeusi, ya kanisani,
kisigino kimelika upande.